Hema Jema Huanzia Chini: Uchaguzi wa Malazi ya Kambi ya Mawindo

Mtu atokaye Mji wa Kale wa Mombasa akashika njia ya kwenda Makupa hukutana na Mwembe Tayari. Ni mahali pa soko na maduka, na kwa miaka mingi mabasi ya bara yameanza safari zao hapo. Jioni abiria huonekana wameketi juu ya mizigo yao wakingoja gari la kuwafikisha Nairobi alfajiri. Lakini jina la mahali hapo lasemekana kuwa la zamani kuliko basi, na kuliko gari la moshi pia. Wazee husimulia kwamba chini ya mwembe uliokuwapo ndipo misafara ya bara ilipokutanika. Mizigo ilifungwa, watu wakahesabiwa, na kila kitu kilipokuwa tayari, msafara uliondoka.

Neno hilo "tayari" si dogo kwa mtu aendaye kulala porini. Aliyesahau chumvi aweza kuomba njiani. Aliyesahau kulitazama hema lake hutambua kosa lake usiku wa manane, mvua inaponyesha, wala hana mtu wa kumwomba jingine. Kambi nyingi zimeharibika, na watu wengi wamepoteza afya zao na hata maisha yao, kwa sababu ya mambo ambayo yangaliweza kutengenezwa kwa nusu saa kabla ya kuondoka mjini.

MZIGO WA RATILI 60

Kabla ya mwaka 1896, Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, hapakuwa na njia nyepesi ya kupeleka hema bara. Wanyama wa mizigo walijaribiwa, lakini ndorobo waliwaua wengi. Kwa hiyo hema lilikwenda juu ya kichwa cha mwanadamu. Joseph Thomson alipotoka Mombasa mwezi wa Machi 1883 kwenda nchi ya Wamasai alifuatana na wapagazi zaidi ya mia moja, na kila kitu alichokitumia, tangu shanga mpaka kitanda, kilichukuliwa nao.

Mzigo wa desturi ulikuwa ratili 60, yaani kama kilo 27, na wachukuzi wa pembe za ndovu mara nyingi walibeba zaidi. Juu ya hayo mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Hema la mkubwa wa msafara, pamoja na nguzo zake na vigingi vyake, liliweza kuwa mizigo miwili. Wapagazi wenyewe walilala juu ya mikeka katika vibanda vya matawi na majani, au chini ya vihema walivyojishonea kwa merikani.

Merikani ilikuwa nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nayo ilipata jina lake kwa sababu ililetwa pwani na wafanya biashara wa Marekani. Nguo ya namna hiyo ilishonwa hema, ikashonwa na tanga pia. Kwa hiyo mtu wa Mombasa hakuwa mgeni wa elimu ya hema, maana fundi wa tanga alikuwa jirani yake. Fundi huyo alijua kwamba tanga halichaniki katikati ya nguo iliyo nzima, bali huachia penye mshono. Alikunja ncha mbili za nguo, moja ndani ya nyingine, akashona mara mbili. Na penye kamba aliongeza kipande cha pili cha nguo, kwa sababu ndipo upepo unapovuta.

Mnunuzi wa hema hata leo hana kipimo bora kuliko hicho. Asianze kwa kuuliza hema lina vyumba vingapi. Alitandaze, afuate mishono kwa kidole, avute kila kitundu cha kamba, atazame pembe zote nne. Hema zuri kwa macho lenye mshono mmoja mwembamba ni mfano wa jahazi lililopakwa rangi mpya juu ya ubao uliooza.

SIKU ZA WAWINDAJI WAKUBWA

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, Mombasa iligeuka kuwa mlango wa wawindaji kutoka Ulaya na Marekani. Aliyejulikana kupita wote ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka mwezi wa Machi 1909. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka nyanda za Kapiti, na huko akakuta mahema yamekwisha simamishwa na wapagazi kiasi cha mia mbili wakimngoja. Miongoni mwa mizigo ya msafara ule mlikuwa na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi.

Mahema ya wawindaji wa namna hiyo yalikuwa makubwa. Yalikuwa na paa mbili, nguo ya sakafu, na pengine chumba cha kuogea nyuma. Mpagazi naye alipewa jezi, blanketi na chupa ya maji, na wapagazi kadhaa walishirikiana hema moja dogo. Basi kila kambi ilikuwa na safu mbili: upande mmoja mahema machache marefu, na upande wa pili vihema vingi vifupi. Aliyetaka kujua kama safari itafika salama alifanya vema kutazama safu ya pili, maana walalao humo ndio watakaoinua mizigo asubuhi.

Nchini Kenya mawindo ya starehe yalipigwa marufuku mwezi wa Mei 1977. Katika Tanzania uwindaji unaendelea kwa kibali cha serikali. Hata hivyo haja ya hema haikuisha upande huu wa mpaka. Askari wa wanyama pori, wapima ardhi, waganga wa mifugo, wanafunzi na watalii hulala porini kila mwaka. Porini ni pale pale, hata kama aliyelala humo hana bunduki bali ana kamera.

MAFUNZO YA TSAVO

Safari ya reli kutoka Mombasa, kiasi cha maili 130, humfikisha mtu Tsavo. Hapo, kati ya Machi na Desemba 1898, simba wawili waliwasumbua wajenzi wa reli mpaka kazi ya daraja ikasimama. Mhandisi J. H. Patterson, ambaye hatimaye aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba, aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Hesabu ya watu walioliwa imebishaniwa sana. Patterson mwenyewe baadaye alitaja watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba walikuwa kama 35. Lakini kwa mtu anayechagua malazi ya kambi, lenye faida kubwa ni kujua jinsi simba hao walivyoingia.

Jemadari mmoja, Ungan Singh, mtu mwenye nguvu nyingi, alilala katika hema pamoja na wenzake kadhaa. Mlango wa hema ulikuwa wazi, naye ndiye aliyelala karibu nao. Usiku wa manane simba aliingiza kichwa, akamshika shingoni, akaenda naye. Wenzake walikuwa kando yake wasiweze kumsaidia.

Usiku mwingine simba aliingia katika hema la mfanya biashara Myunani, na katika haraka yake akalinyakua godoro lililokuwa chini ya mtu badala ya mtu mwenyewe. Myunani yule alijikuta chini, mzima, hana godoro. Na katika hema jingine walimolala wafanya kazi kumi na wanne, simba aliruka juu ya hema, akapenya ndani, akamjeruhi mmoja begani kwa kucha. Kisha akachukua gunia la mchele, akalitupa mbele kidogo alipotambua kwamba si nyama.

Watu husimulia mambo hayo kwa kicheko, lakini yana onyo. Nguo ya hema si ukuta. Haimzuii simba aliyekusudia kuingia, na boma la miiba peke yake halikutosha Tsavo, kwa sababu simba wale walijifunza kupenya. Ila mnyama wa kawaida, ambaye hakuzoea kula watu, hulikwepa hema lililofungwa, kwa sababu haoni kilichomo. Kwa hiyo mlango ndio jambo la kwanza la usalama. Uwe na zipu imara au kamba za kufungia tangu juu mpaka chini, nao ufungike kwa ndani. Madirisha yawe ya wavu uliokazwa, ili mtu asiseme kwamba amefungua mlango kwa sababu ya joto. Tena vitanda vipangwe ndani kabisa, wala pasiwe na mtu alalaye kizingitini. Nyama, ngozi na vyakula visilale pamoja na watu.

PAA NA NGUO

Nguo za hema ziko namna mbili kubwa. Turubai la pamba ni zito, lakini huvumilia miaka, hupitisha hewa, na likilowa nyuzi zake huvimba zikaziba vitundu. Kwa sababu hiyo turubai jipya lisipelekwe porini kavu. Lisimamishwe mjini, limwagiwe maji mengi, liachwe likauke, kisha limwagiwe tena. Ndipo mishono hujikaza. Mvua inaponyesha, mtu asiguse nguo kwa ndani, maana alipogusa ndipo maji yatakapoanza kudondoka. Nalo kamwe lisikunjwe limelowa likaachwa siku nyingi, kwa sababu kuvu itakula nguo, na hewa ya unyevu ya pwani ni rafiki mkubwa wa kuvu.

Nguo za nailoni na jamii yake ni nyepesi, nazo humfaa aendaye kwa miguu. Lakini huwa moto sana mchana, na usiku pumzi za walalao hugeuka matone ya maji juu ya nguo. Jua kali pia huzidhoofisha upesi. Kwa kambi ya majuma mengi ambayo gari litafika, turubai ni bora. Kwa mtu atakayebeba nyumba yake mgongoni, nailoni ndiyo itakayomfaa.

Kwa namna zote mbili, hema la nchi zetu za jua liwe na paa mbili zenye nafasi kati yake. Hewa ipitayo katika nafasi hiyo hupunguza joto la mchana, na mvua kubwa hukomea juu. Paa la pili likigusana na la kwanza halina faida.

Kamba na vigingi navyo husahauliwa. Kamba za katani hukazana zinapolowa, zikang'oa vigingi au zikachana nguo. Kwa hiyo aliyenazo hulegeza kidogo kabla ya kulala wakati wa mvua. Penye mchanga hutakiwa vigingi virefu vipana, na penye mawe vya chuma vyembamba. Vya akiba visipungue sita, pamoja na nyundo, sindano kubwa, uzi uliopakwa nta na kipande cha turubai cha kutilia kiraka.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnunuzi wa malazi naye yafaa ainame, kwa sababu taabu nyingi za usiku hazitoki juu bali chini. Sakafu ya hema iwe ya nguo nzito isiyopitisha maji, iliyoshonwa pamoja na kuta na kupanda juu kidogo kama ukingo wa sinia. Sakafu ya namna hiyo huzuia maji yatiririkayo, huzuia siafu, nge na nyoka, tena huzuia wadudu wadogo ambao ni wabaya kuliko hao wote.

Mmoja wao ni papasi. Mdudu huyu hukaa katika udongo mkavu wa nyumba kuukuu na kambi za zamani, hutoka usiku kunyonya damu, kisha hujificha. Mwaka 1905 Daktari Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akichunguza homa ya papasi katika Kongo, aliambukizwa homa hiyo hiyo akafa huko Kasongo. Kwa hiyo hema lisisimamishwe mahali palipolala watu wengine siku zilizopita, hata kama pameshafyekwa na kuni zimesalia. Na mtu asilale chini ikiwa aweza kulala juu.

Kitanda cha kukunja, chenye miguu ya mbao au chuma na turubai lililowambwa, ndicho kifaa bora cha kambi kwa mwenye gari. Lakini kina hila moja. Hewa baridi hupita chini yake, na wengi hujifunika mablanketi matatu wakashangaa kwamba bado wanatetemeka. Dawa ni kutandika blanketi moja au godoro jembamba chini ya mwili, maana baridi ya chini haizuiliki kwa nguo ya juu. Mtu wa pwani akumbuke hilo hasa, kwa sababu usiku wa Mombasa haumfundishi usiku wa Mau wala wa Ngorongoro. Wapagazi wengi wa misafara waliotoka katika joto la pwani waliteswa na baridi ya milimani.

Mfuko wa kulalia, uliojazwa manyoya au pamba za kiwandani, ni mwepesi na una joto. Lakini wa manyoya ukilowa haufai kitu. Blanketi la sufu hutoa joto hata likiwa na unyevu, nalo hutumika kwa kazi nyingi. Mwenye kusafiri kwa gari na achukue blanketi.

Kisha chandalua. Mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, na tangu hapo hapana udhuru. Chandalua kiwe kirefu kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro pande zote, na kipana kiasi kwamba mkono wa aliyelala haukigusi, maana mbu huuma kwa kupitia wavu. Siku hizi hupatikana vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, navyo ni bora. Kishushwe kabla ya jua kutua, wala si baada ya mbu kuingia.

Jambo moja zaidi lahusu joto. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika hema lililofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na walalao hawaamki. Baridi huondolewa kwa mablanketi, na moto ukae nje.

HEMA LA MCHUKUZI

Karibu na Mwembe Tayari, kando ya barabara kubwa, zipo sanamu za askari zilizosimamishwa baada ya Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Ukumbusho huo ni wa askari wa Kiafrika, na ni wa wachukuzi pia. Katika vita vile wachukuzi wa Afrika ya Mashariki walikusanywa kwa mamia ya maelfu. Hesabu za serikali zilitaja vifo vyao zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba walikuwa wengi zaidi. Si risasi iliyowaua wengi wao, bali kuhara, kichomi na malaria, pamoja na chakula kibaya na malazi haba. Watu waliobeba mahema ya wengine walilala mvuani.

Aendaye kufanya kambi na alikumbuke hilo anapoandika hesabu yake. Dereva, mpishi, mfuatiaji nyayo na mlinzi wa usiku wote wana miili. Kila mmoja aandikiwe mahali pa kulala penye sakafu, chandalua chake na mablanketi yake, kabla fedha hazijatumika kwa viti na mataa ya mapambo. Kama fedha hazitoshi, hema kubwa la bwana na lipunguzwe chumba kimoja.

Mwisho, kabla ya kuondoka, kila kitu kisimamishwe uani mchana kweupe na wale wale watakaokisimamisha porini. Vigingi vihesabiwe, milango ifungwe na kufunguliwa, vitanda vilaliwe, vyandalua vitazamwe dhidi ya mwanga ili matundu yaonekane, na kila mtu aoneshwe blanketi lake. Kazi hiyo yachukua asubuhi moja tu. Misafara ya zamani haikuondoka chini ya mwembe mpaka mzigo wa mwisho ulipopata kichwa cha kuubeba. Vivyo hivyo kambi isiondoke mjini mpaka mtu wa mwisho awe na mahali pa kulala.